Aiskafe ya Biharusi: Acheni Kuuziwa Povu



Msimu wa harusi umeingia na simu yangu imejaa picha za glasi ndefu. Chini kahawa, katikati aiskrimu, juu povu jeupe limepanda kama kilemba, na pembeni mrija uliofungwa utepe wa rangi ya nguo ya biharusi. Kwenye orodha za wapishi wa shughuli huandikwa "kahawa ya Kijerumani". Inapangwa usiku wa hina, inapangwa siku ya kupokea wakwe, na sasa wapo mabiharusi wanaoiagiza mpaka ndani ya fungate, mtu na mumewe tu, glasi mbili zinaletwa mlangoni kwa bodaboda.

Nitasema bila kuzunguka. Nyingi katika glasi nilizoonja mimi hazina kahawa ya maana wala maziwa, na Mjerumani akipewa atauliza ni nini hiki. Ni sukari, unga wa ladha na mafuta ya mimea yaliyopigwa mpaka yakajaa hewa. Tena hilo la ladha ni dogo. Kubwa ni kwamba biharusi anawanywesha watu kitu ambacho hawezi kuwaambia kimetengenezwa kwa nini. Ukimkabidhi mgeni glasi nyumbani kwako umemdhamini. Yeye hasomi pakiti, hamuulizi mpishi, anasema Bismillahi na kunywa kwa sababu anakuamini wewe. Hiyo ni amana, na amana haijibiwi kwa "sijui, nilinunua".

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: aiskafe ipikwe nyumbani, kwa kahawa na maziwa unayoyajua. Na asiyeweza kuipika leo, awape wageni wake kahawa chungu, tende na kashata. Atakuwa amekirimu, na hana deni kwa mtu.

Naandika kutoka Balangdalalu, kata ya wilaya ya Hanang mkoani Manyara, ambako ndoa imenileta kutoka kisiwani. Upande mmoja ni mlima Hanang, upande mwingine ni bonde lenye ziwa la chumvi la Balangida. Huku ng'ombe ni wengi na usiku ni wa baridi. Wengi mtauliza mambo ya kahawa ya barafu na Balangdalalu wapi na wapi. Vumilieni kidogo, mtaona kwamba yapo karibu kuliko glasi ile ya utepe.

Kitu chenyewe ni kipi

Wajerumani huandika Eiskaffee, na hutamka aiskafe. Siri yote imo katika neno la kwanza. Kwa Kijerumani neno Eis lina maana mbili: barafu, na pia aiskrimu. Kwa hiyo ukiagiza aiskafe katika duka la aiskrimu Berlin au Hamburg hutaletewa kahawa yenye vipande vya barafu vinavyogongana. Utaletewa kahawa kali iliyopozwa, mabonge mawili ya aiskrimu ya vanila ndani yake, na krimu iliyopigwa juu. Pengine watakunyunyizia chokoleti kidogo na kukuchomekea biskuti nyembamba. Kijiko kirefu, mrija, basi.

Hesabuni wenyewe: kahawa, maziwa, krimu, sukari, vanila. Vitu vitano. Hakuna mashine ya ajabu, hakuna kifaa cha kuagiza ng'ambo. Hata hiyo krimu kwao ina masharti: ili iuzwe kwa jina la krimu ya kupiga, lazima iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 30. Mafuta hayo ndiyo yanayoifanya isimame juu ya kahawa na kuyeyuka taratibu mdomoni, bila kubaki kwenye ulimi kama mshumaa. Wanaojua wanajua ninachosema.

Sasa chukueni pakiti ya "unga wa krimu" inayotumika mijini kwetu mkaisome nyuma. Nyingi zinaanza na sukari na mafuta ya mimea yaliyogandishwa, kisha vimiminishi, vizuizi na rangi. Maziwa, kama yapo, yako mwishoni. Simkatazi mtu kuuza. Ninachokataa ni kuitwa krimu, kisha kuuzwa kwa bei ya krimu, kisha kupewa jina la nchi ya watu ambao kwao hicho kisingeruhusiwa kuitwa krimu.

Kilichofichwa chini ya povu

Hapa nataka tuwe makini, maana kuna dada zetu wanaokwepa wapishi na kwenda kuchukua mapishi moja kwa moja kutoka Ujerumani, wakidhani wamesalimika.

Wajerumani wana vinywaji kadhaa vya kahawa na krimu, na baadhi vina pombe. Kuna kimoja cha kaskazini kwao kiitwacho Pharisäer, yaani Mfarisayo. Wao wenyewe husimulia kwamba mwaka 1872, katika kisiwa cha Nordstrand, watu walikuwa kwenye ubatizo na mchungaji wao alikuwa mkali wa pombe. Wakatia ramu kwenye kahawa, wakaifunika kwa krimu nzito ili harufu isitoke. Mchungaji akapewa kikombe cha watu kwa bahati mbaya, akaonja, akawaita Mafarisayo. Jina likabaki. Kuna kingine cha mji wa Rüdesheim ambacho brandi huwashwa moto ndani ya kikombe mbele ya mgeni, kisha krimu juu. Na hata aiskafe ya kawaida wapo wanaoimwagia pombe ya mayai kama urembo.

Kwa hiyo ukisoma mapishi ya Kijerumani, haya ndiyo maneno ya kukusimamisha: Rum, Likör, Weinbrand, Eierlikör. Ukiyaona, funga ukurasa. Ukiona Gelatine, uliza imetokana na mnyama gani, na ikiwa hakuna wa kukujibu, iache. Ukiona E471, jua kwamba inaweza kutokana na mimea na inaweza kutokana na wanyama, na jina peke yake halikuambii ni ipi. Na ile chupa ndogo ya vanila ya maji inaweza kuwa imetengenezwa kwa spiriti. Masheikh wamelizungumza hilo na hawakukubaliana, lakini sisi watu wa visiwani tuna haja gani ya kuingia kwenye mjadala? Vanila inapanda miti katika mashamba ya viungo ya Unguja. Inalimwa Kagera pia. Ganda moja linatosha sufuria nzima, na halina mjadala.

Mnaona kwa nini nasema amana? Aliyepika mwenyewe anaweza kujibu swali la kila mgeni, hata la yule shangazi wa mume ambaye hunusa kwanza ndipo anywe.

Wanaosema tusiiguse kabisa

Najua yupo atakayenijibu kwamba haya yote ni kujifananisha na wasio wenzetu, na biharusi mwenye haya anywe sharubati ya ukwaju anyamaze. Namheshimu, na ukwaju naupenda. Lakini hoja hiyo haisimami.

Kahawa ilifika Ulaya ikitokea kwetu. Mbegu asili yake ni Uhabeshi, na waliofanya kinywaji chake kijulikane ni watu wa Yemen, masufi waliokunywa ili wakeshe katika dhikri. Kutoka bandari ya Mokha ikasambaa duniani. Waislamu wenyewe waligombana juu yake: mwaka 1511 mkuu wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, na amri yake ikatenguliwa kutoka Cairo. Ulaya ilikuja kuizoea katika karne ya 17, zaidi ya miaka mia moja baadaye. Mjerumani alipoongeza aiskrimu, ameongeza juu ya kitu alichokipokea kutoka kwa Waislamu. Nani basi amejifananisha na nani?

Na tukianza kutupa kila kilichotoka nje, tutakula nini? Muhogo na mahindi vilivuka bahari kutoka Amerika. Vanila asili yake Mexico. Karafuu yenyewe, tunayoijivunia mpaka kwenye nembo, haikupandwa Unguja mpaka mwanzoni mwa karne ya 19. Asili ya chakula na kinywaji ni halali mpaka ije dalili ya kukikataza. Suratul Aaraf imeruhusu kula na kunywa, na ikaweka mpaka mmoja ambao sisi katika harusi zetu tunauruka kila wiki: israfu.

Hapo ndipo ningependa mkali wangu aelekeze ukali wake. Asihangaike na jina la Kijerumani. Ahangaike na biharusi anayelipia glasi mia moja za povu kwa fedha za mahari, nusu zikirudi jikoni zimeyeyuka, kisha wiki ya tatu ya ndoa anamwomba dada yake nauli.

Waliokosa kahawa, na wenye kahawa

Kuna jambo katika historia ya Wajerumani linalonifanya nicheke na kusikitika kwa pamoja.

Ujerumani haioti kahawa. Karne ya 18 fedha zilikuwa zinatoka nje kwa ajili ya kahawa, na mfalme Frederick wa Prussia akachukia. Mwaka 1777 aliwahimiza raia warudi kwenye bia kama wazee wao. Mwaka 1781 akaifanya kazi ya kukaanga kahawa kuwa ya serikali, na akawaajiri askari wastaafu wapite mitaani wakinusa ni nyumba gani inakaanga kwa siri. Watu wakageukia mizizi ya chikori na shayiri, wakaikaanga mpaka ikawa nyeusi, wakaifanya kahawa. Katika vita na shida zilizofuata walirudia tena na tena kunywa kahawa hiyo ya bandia. Walikunywa kwa sababu hawakuwa na nyingine.

Sisi je? Kilimanjaro ina kahawa ya arabika, Mbinga na Mbozi vilevile. Kagera ina robusta, na Wahaya hata huitafuna. Mnada wa kahawa ulikuwa Moshi tangu enzi za babu zetu. Ujerumani ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Tanzania. Hata huku kaskazini nilipo, wilaya ya Mbulu ya zamani ilipofika mpaka Oldeani, ambayo leo iko Karatu, walowezi wa Kijerumani walifungua mashamba ya kahawa katika miaka ya 1920 na 1930, kwenye udongo mwekundu wa miteremko ile, mpaka vita vya 1939 vilipowaondoa. Walifuata kahawa mpaka hapa. Na sisi tuliozaliwa nayo tunanunua unga wa kijiko kimoja wenye sukari robo tatu, tunauita wa Kijerumani, tunajiona tumeendelea. Aliyekosa akaiga alikuwa na udhuru. Mwenye nacho anayeiga ana udhuru gani? Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Na kama mnataka mfano wa Mjerumani wa kumuiga, nawapa mmoja: Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa mji wa Dresden. Kahawa yake ilikuwa inajaa machicha na uchungu. Mwaka 1908 alichukua kikopo cha shaba, akakitoboa kwa msumari, akatandika ndani karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe, akamimina kahawa ikatoka safi. Akasajili ugunduzi wake mwaka huohuo, na karatasi za kuchujia kahawa zikaenea duniani. Hakungoja mtu amletee pakiti. Alitazama kilichokuwepo nyumbani.

Maziwa ya Balangdalalu

Nirudi sasa nilipo. Wairaqw na Wadatoga wa Hanang na Mbulu ni wafugaji tangu na tangu, na kazi ya maziwa ni ya wanawake. Ndio wanaokamua, ndio wanaokoroga kibuyu, ndio wanaoamua yapi ya watoto na yapi ya kuuza. Ng'ombe wao wa asili hatoi maziwa mengi kama wale wa kisasa, lakini maziwa yake yana mafuta zaidi. Yaache usiku mmoja mahali pa baridi na asubuhi utaikuta krimu imekaa juu, ya manjano kidogo, nzito, kijiko kinasita kabla ya kuzama.

Katika Tanzania nzima ni sehemu ndogo sana ya maziwa inayofika kiwandani. Mengine hunywewa nyumbani, huuzwa jirani, na wakati wa mvua, nyasi zikiwa nyingi, mengine huharibika. Wakati huohuo kwenye rafu za maduka ya mijini krimu imetoka Ulaya kwa meli. Sisemi maziwa ya Balangdalalu yatafika Unguja kesho. Barabara ni ndefu na maziwa hayasubiri. Nasema kila mmoja wetu ana Balangdalalu yake. Wewe wa Unguja una muuza maziwa anayepita na baiskeli. Wewe wa Pemba una jirani mwenye ng'ombe wawili. Shilingi uliyotaka kumpa mpishi wa povu, mpe huyo, na umwambie unataka yasiyoongezwa maji.

Jambo moja silifanyii mzaha. Maziwa mabichi yana maradhi. Bruselosi, ule ugonjwa unaotupa mimba za ng'ombe, huingia kwa binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa, na homa yake haitoki haraka. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita hapohapo. Biharusi anayetarajia ujauzito, kwa idhini ya Mola, asicheze na hili. Atakayekwambia kwamba kuchemsha kunaua utamu, mwambie homa inaua utamu zaidi.

Namna ya kuipika

Hii ni ya watu wanne. Ianze siku moja kabla.

*Krimu.* Chukua lita tano za maziwa mabichi, yachuje, yafunike, yaweke kwenye friji usiku mzima bila kuyatikisa. Asubuhi enguza tabaka la juu kwa kijiko kipana. Utapata karibu nusu lita, na ikipungua usishangae. Ichemshe krimu hiyo kwa moto mdogo ukikoroga, ipoze, irudishe kwenye friji mpaka iwe baridi kabisa, ikiwezekana usiku mwingine. Maziwa yaliyobaki yachemshe ufanye mtindi au chai. Hakuna kitu kinachotupwa. Usipopata maziwa mabichi, nunua krimu ya boksi, lakini soma: iandikwe krimu ya maziwa, mafuta asilimia 30 au zaidi.

*Aiskrimu.* Chemsha maziwa nusu lita pamoja na ganda moja la vanila ulilolipasua na kulikwangua mbegu. Koroga vijiko viwili vya chakula vya kornflawa katika maziwa baridi kidogo, mimina humo, koroga dakika mbili tatu mpaka uwe uji mwepesi. Tia sukari gramu 120 na chembe ya chumvi. Yai silitumii, kornflawa inafanya kazi ileile, na hakuna wa kuumwa tumbo. Ipoe kabisa, changanya na robo lita ya krimu, igandishe. Kila nusu saa toa, koroga kwa uma kuvunja vipande vya barafu, rudisha. Baada ya saa tatu iko tayari.

*Wasio na friza.* Nunua barafu kwa jirani, iponde. Weka mchanganyiko wako ndani ya sufuria yenye mfuniko, sufuria uiweke ndani ya ndoo, na uzungushie barafu vipimo vitatu kwa kipimo kimoja cha chumvi ya mawe. Chumvi huishusha barafu chini sana ya sifuri. Zungusha sufuria, fungua, kwangua kingo, funga. Nusu saa hadi dakika arobaini inatosha. Ndivyo Ulaya walivyogandisha aiskrimu kabla ya umeme, nao hawakuwa na ziwa la chumvi karibu kama sisi tulio pembezoni mwa Balangida. Angalia tu chumvi isiingie ndani.

*Kahawa.* Gramu 50 za kahawa iliyosagwa karibuni, maji mililita 700 yaliyotoka kuchemka. Acha dakika nne au tano, chuja kwa karatasi au kitambaa safi. Iwe kali, kwa sababu aiskrimu itaipunguza. Arabika ni laini na yenye harufu nzuri. Robusta ni nzito, na kafeini yake ni kama mara mbili. Ukipenda ladha ya kwetu, tia punje mbili za iliki, lakini tangawizi iache kwenye buli la mtaani. Ipoze mpaka iwe baridi kweli. Kahawa ya uvuguvugu juu ya aiskrimu ni supu.

*Kuunganisha.* Piga krimu iliyobaki na kijiko kimoja cha sukari mpaka isimame. Simama hapo. Ukipitiliza inageuka siagi. Nayo si hasara, ipake mkate, ila aiskafe utaianza upya. Na kama krimu yako ni nyepesi na imekataa kusimama, iteremshe hivyohivyo kwa kijiko juu ya glasi, itaelea. Katika kila glasi mimina kahawa kama mililita 150, weka mabonge mawili ya aiskrimu, kisha krimu, kisha chokoleti ya kukwangua ukiwa nayo. Mahali pa ile biskuti yao, weka kipande cha kashata. Mpe mtu papo hapo. Kinywaji hiki hakimsubiri mpiga picha.

Neno kwa biharusi

Utaniambia huna muda, shughuli ni ya watu mia mbili. Basi usiwape aiskafe watu mia mbili! Nani alikwambia hiki ni kinywaji cha ukumbi? Hata kwao ni cha meza ya watu wawili watatu waliokaa kuzungumza. Ukumbini pana biriani, pana sharubati, pana kahawa chungu, na hakuna aliyewahi kurudi kwao akilalamika. Aiskafe iweke kwa siku ambayo mavyaa amekuja na wifi mmoja, jua kali, umeketi nao barazani na unataka wajue kwamba mikono yako inafanya kazi.

Utaniambia na maziwa nayo ni ghali. Kweli. Lakini piga hesabu ya glasi nne ulizopika na glasi nne ulizoletewa, uone fedha iliyobaki mkononi. Na ujuzi ulioupata hauishi pakiti ikiisha.

Na wale wenye ujauzito: kahawa si adui, lakini ina kiasi. Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku wapunguze. Pia kahawa ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na wengi wetu damu ni ndogo tayari. Inywe saa moja au mbili baada ya kula, glasi moja, inatosha. Mwenye sukari apunguze aiskrimu iwe bonge moja.

Kungwi wangu hakuwahi kuniambia kwamba ndoa husimama kwa aiskrimu, wala mimi sikuambii hivyo. Alichoniambia ni kwamba jiko ni mahali ambapo mwanamke anajua kila kilichoingia na kila kilichotoka. Wanaotuuzia povu wanataka tusijue. Mabiharusi wangu, ulizeni. Someni nyuma ya pakiti. Mpishi asiyetaka kutaja kilichomo kwenye glasi yake, mwache na glasi yake. Na siku wageni wako watakapouliza "hii umeitoa wapi?", uwe na jibu la maneno mawili: nimepika mwenyewe.

Mola awabariki katika ndoa zenu, awape riziki ya halali na iliyo safi, na awajaalie kutosheka nayo. Wa billahi tawfiq.